Sosi Juu ya Pilau

Mume wangu hapiki tena. Watu wa hapa Kawempe husema ni uzee, wengine husema ni macho, wengine ni uvivu wa watu wa pwani. Si hivyo. Aliyemfanya aache ni mimi, na nimeona niyaandike mwenyewe kabla sijazoea kuitikia maneno ya watu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikichepuka. Nitarudi njiani.

Mimi ni mzaliwa wa Naguru, kwenye nyumba za askari. Baba alitoka kaskazini, akaletwa Kampala na kazi ya polisi. Katika nyumba zile kila familia ilikuwa na lugha yake ya chumbani, lakini nje, kwenye bomba la maji, sote tulisema Kiswahili, na hakikuwa Kiswahili cha kubembelezana. Kilikuwa cha kupanga watu mstari. Leta. Ondoka. Wewe unatazama nini. Nilipokuwa msichana mkubwa, shangazi yangu aliyeolewa Mombasa aliniita nikamsaidie watoto, na wiki ya kwanza tu nilimwambia muuza samaki, "Leta samaki," akaweka kapu chini akaniuliza kama nimekuja kumkamata. Mtaa mzima ulicheka. Neno "naomba" nilijifunza kwa aibu, hakuna aliyenifundisha.

Huko ndiko nilikoolewa. Mume wangu alikuwa mpishi wa harusi, na hapa inabidi nieleze, maana Kampala mpishi ni mtu yeyote mwenye sigiri ya makaa. Kule mpishi wa harusi anafuatwa nyumbani kwake miezi kabla, anaulizwa siku gani ana nafasi, na siku yenyewe baba wa bibi harusi anakwenda kumwamkia yeye kwanza, ndipo aende kwa wageni. Ana kiti chake kando ya mafiga. Hasogelewi. Kuonja, mume wangu hakuonja. Alifungua mfuniko kidogo, mvuke ukampiga usoni, akasema "bado" au akasema "basi". Hata Ramadhani, amefunga tangu alfajiri, chumvi yake haikukosea. Akishamaliza anapalia makaa juu ya mfuniko, anaketi, na pilau inajiiva yenyewe, nyama yake imo humohumo ndani, supu yote imenywewa na wali, kila punje imesimama peke yake. Watu wakimwita Fundi. Hata mama yake mzazi, mwanamke aliyenisumbua sana, Mungu amrehemu, alimwita Fundi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchagua mchele na kumenya vitunguu saumu, kisha kuondoka. Miaka thelathini sikugusa sufuria ile. Nilikula, nikanenepa, tukazaa mabinti wawili, tukawaoza, na kwenye harusi zao alipika baba yao.

Sasa kurudi. Mama yangu alifariki akaacha vyumba viwili hapa Kawempe, kando ya barabara. Kaka yangu akapiga simu, akasema dada njoo, Kampala imefunguka, watu hawapiki tena majumbani, ukiwa na mume anayejua sufuria utaishi vizuri. Huyo kaka, tulipofika, tulikuta amekwisha kuvipangisha vyumba vya mama, na ilichukua karibu mwaka kumtoa mpangaji. Hayo nayaacha. Nikianza ya kaka yangu sitafika kwenye pilau.

Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni. Ukikaa na watu miaka thelathini, bado siku ya msiba wanauliza, "Yule mke wake si wa bara yule?" Nikamwambia mume wangu jioni moja anakunja mkeka wake wa kuswalia, "Mimi nimekaa kwenu ujana wangu wote. Miaka iliyobaki njoo ukae kwetu."

Alimaliza kuukunja, akautundika. Siku ya tatu, asubuhi, ananawa mikono, akasema, "Nitakuja. Lakini sufuria yangu usiiguse. Wewe wala mtu mwingine."

"Nani ataigusa?" nikamwambia.

Nilisema hivyo haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Tulipanga kibanda Wandegeya, nyuma ya maduka ya kuchapisha karatasi, kwa sababu pale kuna wanafunzi, na mwanafunzi ana njaa kila wakati. Kibao tulikiandikisha Pilau ya Pwani, kwa rangi ya kijani. Siku ya kwanza mume wangu alivaa kanzu nzuri ya kufungulia kibanda, akaweka kiti chake kando ya moto, akasubiri. Wanafunzi walikuja wengi. Walipomsikia anasema Kiswahili, wawili wa mbele walirudi nyuma. Hapa kwetu Kiswahili, mtu akikisikia ghafla, anafikiri ni askari au ni mwizi. Nilikuwa nimesahau jambo hilo, mimi niliyezaliwa katika nyumba za askari. Nikawaita kwa Luganda yangu iliyochakaa, wakanicheka, wakasema huyu ni Mkenya. Basi. Pwani mimi wa bara, kwetu mimi Mkenya.

Lakini shida yenyewe haikuwa lugha. Shida ilikuwa sosi.

Kampala mtu haagizi chakula. Anaagiza mchuzi, wenyewe wanaita sosi. Atasema "nyama", au "maharage", au "binyebwa", ule mchuzi wa karanga wa rangi ya waridi iliyofifia, na hapo umeelewa kila kitu. Chakula chenyewe kinakuja bila kuulizwa, vyote pamoja kwenye sahani moja: matoke, wali, posho, yaani ugali wa huku, kiazi kitamu, kipande cha boga. Bei ni ya sosi. Ukimpa mtu sahani ya wali peke yake, hata ukiwa na nyama ndani, anaona umemdhulumu. Mimi nilikula hivyo utotoni. Nilijua. Ila miaka thelathini ya pilau ilinifuta kichwani, nikamleta mume wangu mahali ambapo kazi yake yote, ile ya kuufanya mchuzi upotee ndani ya wali, ilikuwa ni kosa.

"Hajji, sosi iko wapi?" waliuliza. Walimwita Hajji kwa sababu ya kanzu, ingawa Makka hajafika.

"Imo ndani," aliwaambia.

"Ndani wapi? Huyu mchele ni mukavu."

Mmoja alimwagia soda. Nasema kweli, soda ya machungwa, juu ya pilau ya mtu ambaye mawaziri wamesimama mbele yake na sahani. Mume wangu alimtazama yule kijana mpaka akamaliza, kisha akaniuliza polepole kama kijana yule ni mgonjwa.

Na kulikuwa na jambo la muda. Yeye alimaliza kupika kabla ya adhuhuri, akapalia makaa, akaenda msikitini. Sufuria haifunguliwi mpaka arudi. Wanafunzi nao wana saa moja tu ya kula. Wakija wanakuta mfuniko una moto juu na mimi nimekaa kando yake kama mlinzi wa benki. Wakaenda zao. Tulirudi na sufuria nusu kila siku, tukagawia majirani, tukala usiku, tukala asubuhi. Mume wangu alisema, "Watazoea." Alisema hivyo mwezi wa kwanza, alisema mwezi wa pili. Mwezi wa tatu aliacha kuvaa kanzu nzuri. Aliketi kwenye kiti chake mabega yamemwanguka, na siku moja nilimkuta anaonja. Ameshika kijiko anaonja pilau yake kama mwanafunzi, mara mbili, mara tatu, anatafuta kosa. Hakunisikia nikiingia. Nilitoka nje tena nikasimama kwenye jua.

Hapo ndipo nilipoamua, na sijui hata leo kama niliamua kwa kumhurumia yeye au kwa kuogopa kwamba atasema turudi Mombasa.

Jirani yetu kibandani alikuwa mama Mkongo, mkimbizi wa mashariki, mwimbaji wa kanisa, aliyeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga. Siku zote alikuwa ananitazama tu. Siku hiyo akasema, "Mama, batu ba hapa habatakuli hivi. Bila mchuzi habaoni chakula. Wee upike mchuzi, mzee aache kulia moyoni." Akaniazima sigiri yake ya pili, nyuma, upande asiopita mume wangu.

Nikamwendea Fundi nikamwambia, kwa sauti ya unyonge, kwamba wateja wana haraka, aniruhusu nipakue yeye akiwa msikitini. Alifikiri sana. Akasema, "Pakua. Usikoroge, na mfuniko urudishe." Alinipa na upawa wake mwenyewe, wa mti, wenye mpini mrefu uliopauka.

Nilianza na binyebwa tu. Yeye akitoka kwenda kuswali, mimi nafungua, napakua wali, namwaga karanga juu, naweka na matoke niliyoyaficha kwa mama Mkongo yamefungwa kwenye majani. Wanafunzi wakajaa. Wakaanza kuuliza sosi ya nyama. Nyama ya pili nitaipata wapi? Ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndani ya pilau. Basi nikaanza kuivua. Naingiza upawa chini, naokota vipande vyote kimoja kimoja, navitia kwenye sufuria yangu na nyanya na maji, navichemsha haraka. Pilau ikabaki wali wa rangi. Waliipenda hivyo. Walisema sasa huyu Hajji amejua kupika.

Alikuwa akirudi saa nane, maana alipenda kukaa barazani na wazee baada ya swala, na mimi nilikuwa nimekwisha kuosha kila kitu. Anakuta sufuria imebaki ukoko. Siku ya kwanza aliinama akaitazama ndani muda mrefu.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Nilikwambia watazoea," akasema, na akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mpakani.

Wiki zile alikuwa kijana. Alitoa tena kanzu ya kufungulia. Alimpigia simu ndugu yake Mombasa akamwambia watu wa Kampala wana ulimi mzuri, walikosa wa kuwafundisha tu. Alisogeza kiti chake mbele kidogo, wapita njia wamwone. Nami nilikaa kando namsikiliza, nikajiambia furaha ni furaha. Nilikuwa naidanganya nafsi yangu hivyo kila siku, na nilikuwa hodari.

Alinusa, bila shaka. Mtu anayejua chumvi kwa mvuke hawezi kukosa kunusa karanga. Siku moja alisimama mlangoni, akainua uso, akasema, "Yule jirani yako leo kazidisha chumvi kwenye karanga."

Nikasema nitamwambia.

Sasa Ijumaa hiyo. Ijumaa swala ni ndefu, na kwangu ndiyo ilikuwa siku ya biashara kubwa, nilikuwa sina haraka. Sahani zilikuwa zimejaa mezani. Mimi nilikuwa na sufuria mbili wazi mbele yangu, ya mume wangu na yangu, na upawa wake nimeutia kwenye binyebwa. Nikamsikia kabla sijamwona, anaongea kwa sauti kubwa, Kiswahili kile cha kwao cha nyumbani ambacho Kampala hakikuwa na wa kukijibu. Safari hii kilijibiwa. Msikitini alikuwa amekutana na madereva wawili wa malori kutoka Mombasa, watu wazima, waliowahi kula pilau yake kwenye harusi, mmoja harusi yake mwenyewe. Hakusubiri kukaa barazani. Aliwaleta moja kwa moja waone alipofika.

Walisimama mlangoni. Mwanafunzi mmoja wa kike, mtoto mzuri tu, hakuwa na ubaya, alinyoosha sahani akasema, "Maama, ongeza sosi kwa huu mchele ya Hajji. Mchele peke yake haipiti."

Mume wangu alitazama sahani ya binti yule. Akatazama na nyingine. Pilau, matoke, karanga imetapakaa juu, na upawa wake mkononi mwangu umebadilika rangi. Madereva walitazama chini. Watu wa pwani wana adabu hiyo, huona aibu kwa niaba yako.

Hakupaza sauti. Aliwaambia wageni, "Karibuni, kaeni," akanawa mikono, akachukua sahani tatu na mwiko, akaenda kwenye sufuria yake kupakua mwenyewe. Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kumwambia ngoja, usifungue chini, ngoja nieleze. Aligeuza wali upande huu, akageuza upande ule, akafika kwenye ukoko. Hakukuwa na kipande kimoja. Aliendelea kugeuza kwa muda baada ya kuwa amekwisha kujua.

Akawapa hivyohivyo, wali mtupu. Yule dereva mkubwa alikula tonge la kwanza, akatafuna taratibu, akasema, "Fundi, mkono wako haujapotea. Hata bila nyama ni mtamu."

"Hiki sikupika mimi," mume wangu akasema.

Ndiyo maneno yote. Aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akachukua upawa mkononi mwangu, akauosha kwa sabuni mara mbili, akaufunga kwenye gazeti. Mama Mkongo alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake na kitambaa mdomoni. Nilimfuata mume wangu njia nzima kuelekea nyumbani nikiongea nyuma ya mgongo wake, nikisema ni kodi, ni wateja, ni kwa ajili yako, uliona ulivyofurahi. Hilo la mwisho heri nisingelisema. Alisimama kidogo tu, kisha akaendelea kutembea.

Nilifikiri atakasirika wiki moja. Nilifikiri atarudi kwao, na wakati mwingine naona afadhali angerudi, ningelia mara moja nikamaliza. Hakurudi. Kule Mombasa angewaambia nini? Alikwisha kuwapigia simu. Asubuhi ya pili hakuamka kuwasha moto. Nikamngoja. Mwisho nikawasha mimi, nikapika wali mweupe, matoke, posho, maharage, nyama na binyebwa, nikauza vyote.

Mpangaji wa kaka yangu alipoondoka tulihamia hapa Kawempe, nikafungua mbele ya vyumba vya mama. Biashara ni nzuri, siwezi kukana. Mafundi wa magari wanakula hapa, wauza nguo wanakula hapa, siku za mvua hakuna pa kukaa. Kibao ni kilekile cha kijani, sikutaka kutengeneza kingine. Pilau ya Pwani, na pilau hamna. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Yeye anamenya matoke. Hakuna aliyemtuma. Siku moja alivuta kigoda akaketi karibu na mkungu, akachukua kisu. Mwanzoni utomvu ulimgandia vidoleni ukawa mweusi, hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu, na alikuwa akienda nao msikitini hivyo. Sasa anajua kupaka mafuta kwanza. Anamenya vizuri, anamenya haraka, haongei. Wateja humsalimu, "Mzee, osiibye otya," naye huitikia, hata hilo amejifunza. Ule upawa uko juu ya kabati, kwenye gazeti lake. Sijaugusa. Nimejifunza kutogusa sasa, wakati haisaidii kitu.

Mwaka huu niliugua, homa iliyonilaza wiki mbili, na kinywa changu hakikutaka kitu. Mama Mkongo alikuja kunifulia nguo na kuniombea. Kupika alipika msichana niliyemwajiri. Nilipoanza kupata nafuu, hamu iliyonijia haikuwa ya matoke ya kwetu niliyoyalilia miaka thelathini ugenini. Ilikuwa ya pilau ya mume wangu. Nilikaa nayo siku tatu naona aibu kuisema. Siku ya nne, mchana, aliingia kuniletea maji, nikamshika mkono, ule wenye alama za utomvu.

"Fundi," nikamwita. Sikuwa nimemwita hivyo tangu Wandegeya. "Nina hamu ya wali wako. Sufuria ndogo tu. Yangu mimi peke yangu."

Alinitazama kwa upole. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo, hakukuwa na kisasi usoni mwake, hata chembe. Aliniuliza kama anavyomsikia yule msichana akiwauliza wateja mchana kutwa.

"Na sosi gani?"

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa ananingoja nijibu, mkono wake bado umo mkononi mwangu.

"Ya karanga," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akarudi na sahani kutoka kwenye sufuria zangu mwenyewe, wali mweupe na binyebwa juu, akaniwekea mto mgongoni, akaketi kunitazama nikila. Chumvi ilikuwa imezidi. Yeye aliijua tangu asubuhi, amekaa na kisu chake hatua tatu kutoka kwenye sigiri, mvuke unampitia usoni.